Mstaafu, Kodi ya Nyumba na Hesabu ya Wategemezi

Ukiuliza ni wastaafu wangapi wa Uingereza wanaoishi kwa fedha za serikali, utapewa majibu mawili yaliyoachana mno, na yote ni ya kweli. Wanaopokea pensheni ya serikali ni zaidi ya milioni 12. Wanaopokea nyongeza ya pensheni, ile inayotolewa baada ya mapato ya mtu kupimwa, walikuwa takriban milioni 1.4 mwaka 2024.

Kundi la kwanza halituambii mengi. Pensheni ile hutokana na michango ya bima ya taifa, na tajiri aliyechangia huipata kama maskini. Kupokea si kutegemea. Nyongeza ndiyo yenye somo: serikali huweka kiwango, hutazama mapato ya mtu, kisha hujazia pengo. Mwaka wa fedha 2024/25 kiwango cha mtu asiye na mwenzi kilikuwa pauni 218.15 kwa wiki. Mwenye pauni 180 alistahili kujaziwa 38.15. Hesabu ya kutoa, basi. (Wapo pia laki kadhaa wenye haki hiyo ambao hawaiombi, kwa hiyo hata milioni 1.4 si idadi ya wahitaji wote.)

Kodi ya nyumba ndiyo inayovuruga urahisi huu. Mwanauchumi William Beveridge, katika ripoti yake ya 1942 kuhusu bima ya jamii, alitaka mafao ya kiwango kimoja kwa wote, akakwama hapo: familia mbili zenye mapato sawa zinaweza kulipa kodi zilizotofautiana sana kwa sababu tu zinaishi sehemu tofauti. Kiwango kimoja hakiwezi kuzitosha zote mbili.

Ndiyo maana ipo ruzuku ya kodi ya nyumba. Tuchukue mstaafu anayeishi peke yake, hana akiba, amefikia umri wa pensheni baada ya Aprili 2021, na kodi yake ni pauni 100 kwa wiki, kiasi kinachokubalika kwa ruzuku. Kwa kiwango kilekile cha 2024/25, mapato yake yakiwa 218.15 au pungufu, analipiwa kodi yote. Je, yakizidi kwa pauni moja, akatwe kabisa? Angepata moja na kupoteza mia. Kwa hiyo ruzuku hupunguzwa taratibu: kila pauni inayozidi kiwango huondoa peni 65. Aliyezidisha pauni 40 hupunguziwa 26, akabaki na ruzuku ya 74.

Sasa tutafute mahali ruzuku inapokwisha. Gawanya 100 kwa 0.65: unapata kama 153.85. Jumlisha na 218.15, inakuwa 372. Mwenye mapato yanayofika hapo hapati kitu, na hahesabiwi miongoni mwa wategemezi.

Pandisha kodi hadi 130, mapato yasiguswe. Gawanya tena: 200. Mpaka umesogea hadi 418.15. Mstaafu mwenye pauni 400, ambaye jana alijilipia mwenyewe, leo ana haki ya ruzuku. Pensheni yake haikupungua hata peni moja, wala hakuwa mvivu. Mwenye nyumba ndiye aliyepandisha bei, na fedha ya ruzuku inaishia mfukoni mwake. Ajabu ni kwamba anayeitwa tegemezi ni mpangaji.

Hesabu hiyo hugeuka pia kwa upande wa pili. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, halmashauri zilijenga nyumba nyingi za kupangisha kwa kodi nafuu. Kadiri kodi inavyokuwa chini, ndivyo mpaka ule unavyokuwa chini. Msaada ulikuwa ndani ya bei yenyewe. Sheria ya Nyumba ya 1980 ikawapa wapangaji haki ya kununua nyumba hizo kwa punguzo. Nyingi ziliuzwa, na baadhi yake sasa zinapangishwa na watu binafsi kwa kodi ya soko. Mstaafu wa kipato kidogo akipanga humo leo, uwezekano wa jina lake kuingia kwenye takwimu ni mkubwa kuliko wa yule aliyekaa kwenye vyumba hivyohivyo halmashauri ilipokuwa mwenye nyumba.