Udongo Unaoficha Maji

Mwaka jana mvua zilipokuwa zinakwisha, baba alitaka kupanda dengu katika shamba letu la mbuga, Wilaya ya Kishapu, Mkoa wa Shinyanga. Nilifumbata udongo, nikauona una unyevu. Nikamwambia, "Baba, maji bado yapo." Akanisikiliza. Dengu chache ziliota, nazo zikanyauka. Mbegu ikapotea bure. Jambo hilo lilinisumbua, basi niliporudi shuleni nikafanya jaribio.

Nilitwaa makopo mawili, moja la udongo mweusi wa mbuga, la pili la udongo wa kichanga, ambao sisi Wasukuma huuita luseni. Nilipanda maharage katika yote mawili, na miche iliposimama vizuri nikaacha kumwagilia. Mche uliponyauka usiinuke hata asubuhi, niliupima udongo wake.

Njia ni hii. Pima uzito wa udongo mbichi. Ukaushe katika tanuri la maabara kwa nyuzi 105 za Sentigredi, saa 24, kisha upime tena. Kilichopungua ni maji. Gawanya kwa uzito wa udongo mkavu, uzidishe kwa 100.

Luseni, gramu 104 zilikuwa 100. Yaani maji 4 kwa mia. Mbuga, gramu 122 zilikuwa 100. Yaani 22 kwa mia. Tazameni ajabu hiyo! Maji mara tano na zaidi, na maharage yamenyauka vile vile.

Sababu yake, chembe za udongo wa mbuga ni nyembamba mno, zimepangana kama kurasa za kitabu. Maji huingia kati yake, udongo ukavimba. Ukikauka husinyaa na kupasuka nyufa. Maji yanayobaki mwisho hushikwa kwa nguvu kupita mizizi inavyoweza kuvuta.

Jeli za viwandani, kama iliyomo katika nepi za watoto, nazo huvimba zikinywa maji. Jeli ikizikwa ndani ya kikasha chenye vitundu vidogo sana, huvimba udongo unapoachia maji, na husinyaa udongo unapoyashika. Kwa hiyo hutuonyesha kama mmea utapata kunywa, wala si wingi wa maji tu.

Ndugu wasomaji, sisi tusio na kipimo hicho tusiamini kiganja peke yake. Chukueni udongo wa shamba, wa kina kile kile cha kupandia, mtie koponi pamoja na mbegu 10, mfunike, msimwagilie. Mwaka huu mbegu 8 ziliota. Ndipo nilipomwambia baba apande.