KIKOMBE NA MIZANI

Mpishi akiambiwa atie nusu kilo ya unga wa ngano, naye nyumbani hana mizani ila kikombe, atafanyaje? Aghalabu husikia kwamba kikombe cha robo lita huchukua gramu 250, naye hutia vikombe viwili. Kumbe hesabu hiyo ni ya maji. Unga wa vikombe viwili haufiki hata gramu 300, na kinyunga cha mandazi huwa kama uji. Maziwa, sukari na hamira vimekwisha kutiwa, na fedha zimepotea.

Kikombe hupima nafasi. Mizani hupima uzito. Kikombe hicho hicho kikijazwa mafuta ya kupikia huwa na gramu 230 hivi. Kikijazwa sukari, kama 200. Unga una hewa nyingi kati ya chembe zake, na kwa hiyo ni mwepesi zaidi.

Njia nyepesi ni kutumia pakiti ya dukani, maana uzito wake umeandikwa juu. Mpishi na afungue pakiti ya unga ya kilo 2, ateke kwa kijiko na kumimina kikombeni polepole, afute juu kwa mgongo wa kisu, na kuhesabu. Akipata vikombe 15, basi agawanye gramu 2,000 kwa 15: kila kikombe ni gramu 133. Nusu kilo, ambayo ni robo ya pakiti, itakuwa vikombe vitatu na robo tatu. Hesabu hiyo na aiandike ukutani jikoni, lakini ni ya kikombe kile tu. Kikivunjika, aanze upya.

Kikombe kisitikiswe wala unga usishindiliwe. Kikombe kilichoshindiliwa chaweza kuchukua gramu 160, na kwa vikombe vinne tofauti hupita gramu 100, ambazo zatosha kufanya mandazi yawe magumu. Watu wa pwani walilijua jambo hili zamani: walitenga kibaba cha mfuto, kilichofutwa juu, na kibaba cha tele, chenye kilele. Vibaba vinne vilikuwa pishi moja, na mnunuzi mwenye akili aliuliza kwanza ni kibaba gani.

Sokoni leo swali ni lile lile. Gorogoro ni kopo lililotengenezwa kwa kilo 2 za mafuta. Likitiwa unga halifikishi kilo 2, na kopo lililobonyezwa kitako hupunja zaidi. Mnunuzi ana haki ya kulitazama chini kabla ya kulipa.

Asiyependa hesabu aweza kujifanyia mizani. Fimbo iliyonyooka hufungwa kamba katikati, na kila upande huning'inizwa kopo, makopo yote mawili yakiwa sawasawa. Fimbo ikilala sawa hali makopo ni matupu, nusu lita ya maji, iliyopimwa kwa chupa ya soda ya kiasi hicho, humiminwa upande mmoja. Maji hayo ni gramu 500. Unga hutiwa upande wa pili mpaka fimbo ilale sawa tena.

Mapishi ya vitabu vya zamani hutaja ratili. Ratili moja ni wakia 16, yaani gramu 454, na kwa kikombe cha mfano ule ni karibu vikombe vitatu na nusu vya unga.