Mnyama Gani Huyu?



Tuseme ni asubuhi kijijini kwenu. Umande bado uko kwenye majani ya migomba. Jirani yako, mama mjane, anafungua banda na kukuta mbuzi mmoja hayupo. Damu imedondoka mpaka kwenye njia iendayo bondeni. Penye tope pana alama ya mguu.

Watu wanakusanyika. Mmoja anasema alama ile ni kubwa kama sahani. Wa pili anasema usiku aliona macho yakiwaka kama makaa. Wa tatu anasema huyo si simba wala si chui, ni mnyama ambaye hajapata kuonekana. Ikifika saa nne watu wameanza kunong'ona jina la mzee mmoja anayeishi peke yake mwisho wa kitongoji. Wanasema mnyama huyo ni wake.

Ikifika saa sita ile alama imekwisha kukanyagwa na watu na ng'ombe. Hakuna aliyeipima.

Sasa kijiji kina hatari mbili badala ya moja. Kuna mnyama ambaye huenda akarudi usiku. Na kuna mzee ambaye maisha yake yamo mashakani. Katika somo hili tutasoma habari za wanyama kama huyo, kisha tutajifunza kusoma alama zao. Wewe umekwisha kujua kusoma herufi. Unyayo nao husomwa.

Mngwa wa Lindi

Habari ya mnyama asiyejulikana si ngeni katika nchi yetu. Watu wa pwani wana hadithi ya zamani ya nunda, paka mkubwa aliyekula watu. Hadithi hiyo ilichapishwa mwaka 1870 katika kitabu cha hadithi za Kiswahili cha Edward Steere, aliyekuwa mmisionari wa Zanzibar.

Mnyama huyo huitwa pia mngwa. Mnamo mwaka 1922 hakimu mmoja Mwingereza, William Hichens, alikuwa akifanya kazi Lindi. Baadaye aliandika kwamba askari aliyekuwa akilinda soko usiku alikutwa amekufa, ameraruliwa vibaya. Mkononi mwake mlikuwa na manyoya ya kijivu. Watu wengine waliuawa vijijini kwa namna ile ile. Wenyeji walimwambia Hichens kwamba huyo ni mngwa, si simba wala si chui, na ukubwa wake ni kama wa punda. Mitego iliwekwa. Sumu iliwekwa. Mngwa hakupatikana. Vifo vilikoma, naye Hichens akabaki na masimulizi tu.

Kenya nako palitokea habari ya namna hiyo. Mwaka 1931 mkulima mmoja aliua simba wawili wenye madoadoa katika milima ya Aberdare. Watu waliwaita marozi. Kijana wa Kiingereza, Kenneth Gandar Dower, alikwenda kuwatafuta katika milima hiyo. Aliona nyayo, lakini hakumpata marozi hata mmoja. Hapa kuna jambo la kufahamu: mtoto wa simba huzaliwa na madoadoa, na simba wengine hubaki nayo hata wanapokua.

Je, mngwa alikuwapo? Mimi naona watu wa Lindi hawakusema uongo. Waliozikwa walizikwa kweli. Lakini sina sababu ya kutafuta mnyama mpya, maana simba wa Lindi wanajulikana kwa kula watu. Wataalamu walihesabu kwamba toka mwaka 1990 hadi 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 katika Tanzania na kujeruhi 308. Lindi ni mmojawapo wa mikoa iliyoumia zaidi.

Sababu yake ilipotafutwa, haikuwa uchawi. Ilikuwa nguruwe pori. Nguruwe huja kula mazao. Mkulima hulala shambani, katika kibanda kisicho na ukuta wa maana, ili awafukuze. Simba humfuata nguruwe, akamkuta mtu. Ndiyo maana watu wengi walishambuliwa miezi ya mavuno.

Kuna simba mwingine aliyepata sifa mbaya huko Rufiji. Toka mwaka 2002 hadi 2004 watu wapatao 35 waliuawa. Watu walimpa simba huyo jina la Osama. Alipouawa mwaka 2004 ilionekana kwamba alikuwa kijana bado, naye alikuwa na jipu kubwa chini ya jino. Simba mwenye maumivu ya jino hushindwa kumkaba nyati, lakini mtu ana ngozi laini.

Kunyamaza kulivyoua watu

Habari ya Njombe inafaa kusomwa polepole. Kabla ya mwaka 1947 simba walikula watu wengi sana katika sehemu hiyo, kwa miaka mingi. Afisa wanyamapori George Rushby alipelekwa kuwawinda. Alipofika vijijini alishangaa. Watu waliokuwa wakifa kila mara hawakutaka kuzungumza habari za simba. Waliamini kwamba simba hao wametumwa na mganga, na kwamba anayewataja atakuwa wa pili kuliwa. Basi mtu alipouawa, habari haikupelekwa kwa upesi, au haikupelekwa kabisa. Simba wakapata nafasi ya kwenda mbali.

Rushby na wasaidizi wake waliua simba 15. Vifo vikakoma. Wale walikuwa simba wa kawaida, wenye meno na manyoya kama simba wote. Kilichowapa nguvu ni kimya cha watu.

Lakini usifikiri kwamba kila mara ni mnyama. Miaka hiyo hiyo, huko Singida, walitokea wauaji waliojifunika ngozi za simba. Walirarua miili ili ionekane kwamba simba ndiye aliyeua. Polisi walichunguza, na mahakama ikawatia hatiani watu kadhaa. Kwa hiyo unaona, ndugu msomaji, kwamba anayesema "ni simba" bila kutazama alama anaweza kumficha muuaji. Na anayesema "ni mtu" bila kutazama alama anaweza kumtesa mzee asiye na kosa.

Macho na giza

Kwanza tuzungumze juu ya macho yanayowaka. Nyuma ya jicho la paka kuna utando unaorudisha mwanga kama kioo. Mbwa anao, ng'ombe anao, mbuzi anao. Ukimulika kwa tochi, macho yao hung'aa. Mng'ao huo haukuambii ukubwa wa mnyama. Usiku huwezi kujua kama kitu ni kidogo na kiko karibu, au ni kikubwa na kiko mbali. Mtu mwenye hofu huona kikubwa.

Mnyama anayewadanganya watu zaidi ni mondo. Huyu ni paka wa porini mwenye miguu mirefu, masikio makubwa yaliyosimama na mkia mfupi. Ana madoa kama chui. Akisimama kwenye majani hufika juu ya goti la mtu mzima, na mtu aliyemwona mara moja husema ameona chui wa ajabu. Uzito wake haufiki kilo 20. Chakula chake ni panya na ndege, na kuku wako akimpata.

Wako mondo weusi. Wako hata chui weusi, ingawa ni wachache sana. Mwaka 2019 zilitangazwa picha za chui mweusi zilizopigwa Laikipia, Kenya. Si jini. Amezaliwa na rangi nyingi mwilini, na jua likimwangaza unaweza kuyaona madoa yake ndani ya ule weusi.

Kuusoma unyayo

Ukiona alama, fanya jambo moja kabla ya kuita watu: ifunike kwa beseni au karai. Kisha tafuta kiberiti. Kiberiti cha kawaida kina urefu wa sentimeta 5 hivi. Kiweke karibu na alama, na kama kuna mwenye simu yenye kamera, apige picha kutoka juu. Sasa hata mtu aliye Kayanga au Bukoba ataweza kuona ukubwa wake.

Tazama kucha. Paka hutembea akiwa ameficha kucha zake, kwa hiyo unyayo wa chui, simba au mondo hauna alama za kucha. Mbwa na fisi hawawezi kuzificha. Ukiona vidole vinne na mbele yake vitundu vya kucha, basi acha kusema simba. (Duma peke yake, katika jamii ya paka wakubwa, huacha alama za kucha. Lakini duma si mnyama wa kuingia kwenye migomba.)

Pima upana. Unyayo wa mondo haupiti urefu wa kiberiti. Wa chui ni kama sentimeta 7 hadi 9, yaani kiberiti kimoja na nusu au zaidi kidogo. Wa simba mkubwa hufika sentimeta 11 au 13, na hufunika kiganja cha mtu. Mahali pa kupima ni udongo mgumu wenye vumbi. Kwenye tope laini vidole hutanuka, na mvua ikinyesha kingo hubomoka. Tena mnyama akitembea, mguu wa nyuma huweza kukanyaga alama ya mguu wa mbele. Nyayo mbili zinageuka moja kubwa kama sahani. Naona nyayo nyingi za ajabu huzaliwa hivyo.

Tazama pia namna mfugo ulivyouawa. Chui hukaba koo, na hupenda kupandisha nyama juu ya mti. Akiingia bandani anaweza kuua mbuzi wengi na kuchukua mmoja tu. Fisi huanza kurarua nyuma na tumboni, na huvunja mifupa mikubwa. Kinyesi chake kikikauka huwa cheupe kwa sababu ya mifupa hiyo. Mbwa wa mtaani huuma ovyo, miguu, masikio na makalio, na mara nyingi huacha nyama bila kuila. Wamiliki wa mbwa hawapendi kuambiwa hili.

Hapa kwetu Karagwe na Kyerwa

Wazee wetu waliwajua wanyama hawa, ndiyo maana Kinyambo kina majina yao. Chui ni engo. Simba ni entare. Hawakuhitaji kusema "mnyama asiyejulikana".

Na wanyama wako karibu nasi. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yalifanywa hifadhi za taifa, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Mwaka huo huo ilianzishwa Hifadhi ya Burigi-Chato, ambayo sehemu yake imo Karagwe. Mwaka 2020 ulitangazwa mpango wa kuhamishia huko simba kutoka Serengeti.

Ng'ambo ya mto Kagera iko Hifadhi ya Akagera ya Rwanda. Simba wa huko waliisha katika miaka iliyofuata vita vya 1994, maana wafugaji waliwaua. Mwaka 2015 waliletwa simba saba kutoka Afrika Kusini, nao wameongezeka. Upande wa magharibi hifadhi hiyo ina uzio. Upande wetu mpaka ni mto, maziwa na mafunjo. Kwa hiyo mtu wa Kyerwa akisema amesikia simba akinguruma usiku, asichekwe. Aulizwe: wapi, saa ngapi, umeona nini?

Kuna jambo jingine juu ya usiku. Wataalamu walichunguza habari za watu zaidi ya 1,000 walioshambuliwa na simba Tanzania toka mwaka 1988 hadi 2009. Waliona kwamba hatari huzidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu. Siku hizo mwezi huchelewa kuchomoza, na mwanzo wa usiku huwa giza, wakati ambapo watu bado wako njiani au nje ya nyumba. Tena simba ana njaa, kwa sababu mbalamwezi ilimfanya aonekane na wanyama anaowawinda. Basi siku hizo rudi mapema kutoka mnadani au kilabuni, usimtume mtoto kisimani jioni, na fungia mbuzi katika banda lenye paa. Chui huruka ukuta kwa urahisi.

Usitege sumu. Sheria inakataza. Tena nyama yenye sumu haichagui. Italiwa na mbwa wako, na tai, na huenda na mtoto.

Peleka habari siku hiyo hiyo kwa mwenyekiti wa kitongoji na Afisa Mtendaji wa Kijiji, ili afisa wanyamapori wa wilaya aitwe. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka malipo ya kifuta jasho kwa mazao na mifugo iliyoharibiwa na wanyama hatari, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kwa jamaa wa aliyeuawa. Malipo hayo ni madogo, na watu hulalamika kwamba huchelewa. Lakini hayatolewi bila kuonekana ni mnyama gani aliyefanya hasara. Hakuna ofisi inayolipa kifuta jasho kwa ajili ya jini.

Mazoezi

1. Kwa nini watu wa Njombe hawakutaka kutaja simba? Ni nini kilitokea kwa sababu hiyo?

2. Umeona alama yenye vidole vinne, vitundu vya kucha, na upana wa sentimeta 9. Je, ni ya chui? Eleza.

3. Jadilianeni darasani: kama watu wangeanza kulitaja jina la mzee yule wa mwisho wa kitongoji, nani angesimama kusema, na angesema nini?

4. Kesho asubuhi tafuta unyayo wa mbwa na unyayo wa paka wa nyumbani. Pima kila mmoja kwa kiberiti, uuchore katika daftari, na uandike chini yake jina la mnyama, mahali, na saa.