Wilaya ya Ukerewe: Watu Wake na Hesabu Yao

Leo twataka kujifunza habari za wilaya moja ya wakulima na wavuvi, nayo ni Ukerewe, katika Mkoa wa Mwanza, nchini Tanzania. Wilaya hii ni visiwa vitupu ndani ya Ziwa Victoria, vipatavyo 38. Kilicho kikubwa kuliko vyote ni kisiwa cha Ukerewe chenyewe, na makao makuu ya wilaya ni Nansio. Kaskazini yake kipo kisiwa cha Ukara. Eneo la wilaya nzima ni kilometa mraba 6,400 hivi, lakini nchi kavu ni sehemu moja tu katika kumi. Zilizobaki ni maji.

Sasa tuwatazame watu. Hesabu ya mwaka 2012 ilionyesha watu 345,147. Tukiwagawanya katika ile nchi kavu, twapata watu zaidi ya 500 kwa kila kilometa mraba moja, hali Tanzania nzima mwaka ule ilikuwa na watu 51 hivi tu. Wakara waliifahamu shida hii tangu zamani. Ardhi ilipokuwa haba, waliwafuga ng'ombe nyumbani, wakawakatia majani, na samadi wakaitia mashambani ili udongo usichoke.

Kuhusu utawala, zamani nchi hii ilikuwa chini ya watemi. Serikali ya Kiingereza iliwatumia watemi hao kwa sheria ya mwaka 1926, na mamlaka yao yakaondolewa kwa sheria mwaka 1963. Siku hizi yuko Mkuu wa Wilaya, ambaye huteuliwa na Rais, na iko Halmashauri ya Wilaya yenye madiwani waliochaguliwa katika kata. Chini ya kata vipo vijiji, na chini ya vijiji vipo vitongoji. Katika kijiji, kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu, nao huchagua halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25.

Huenda mtu akauliza, hesabu ya watu yatufaa nini? Wazee wengi waliichelea, wala si bure, kwani enzi za ukoloni aliyehesabiwa alidaiwa kodi. Lakini kodi ya maendeleo, iliyotozwa kila mtu mzima, ilifutwa mwaka 2003. Sababu ya kujificha imekwisha. Sababu ya kujulikana ingalipo. Dawa za zahanati, madawati ya shule na visima hupangwa kwa idadi ya watu. Mtoto asiyeandikwa, fungu lake halimfikii.

Tena liko jambo zito kuliko hayo. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, kikitoka Bugolora. Kilitengenezwa kuchukua watu wapatao 100 tu, lakini waliokufa peke yao walizidi 220. Siku zile za msiba haikujulikana kwa hakika wangapi walikuwa ndani, na jamaa walingoja ufukoni pasipo kujua wamlilie nani. Hapo twaona kwamba hesabu si karatasi ya ofisini. Ni uhai wa watu.

Basi, yawapasa viongozi wa vitongoji kushika daftari la wakazi, na kuandika waliozaliwa, waliokufa, waliohamia na waliohama. Nao wazazi wasikawie kuandikisha watoto wao. Asiyejua idadi ya watu wa nyumba yake hawezi kuwapimia chakula. Vivyo hivyo wilaya.

Walimu yafaa wawaulize wanafunzi:

1. Nchi kavu ya Ukerewe ni kilometa mraba ngapi?
2. Kwa nini Wakara walifuga ng'ombe nyumbani?
3. Katika kitongoji chako, nani hushika daftari la wakazi, na jina lako limo?