Mwigo wa Dhihaka na Suala la Usasaleo katika Ushairi wa Kitatari

Ushairi wa Kitatari wa baada ya 1991 unapoitwa wa usasaleo, hoja inayotangulizwa huwa ni mwingiliano wa matini: mshairi huchukua kauli za watangulizi wake, huzivunja, huzichanganya na mara nyingi huzicheka. Makala haya yanashikilia kwamba kigezo hicho peke yake hakitoshi.

Mwaka 1908, mjini Kazan, Gabdulla Tukay (1886–1913) alitunga shairi refu kuhusu Soko la Nyasi, ambalo jina lake la pili ni Kisekbash Mpya. Kisekbash wa kale ni utungo wa kidini: kichwa kilichokatwa kinamwendea Mtume kulalamika kwamba jitu limemuulia mwana na kumchukulia mke, naye Ali anateremka kisimani kupambana nalo. Msomaji aliyelelewa na Utenzi wa Ras'l Ghuli hataona ugeni mkubwa katika kisa hicho. Tukay anakipeleka kichwa sokoni, miongoni mwa wafanyabiashara na wanazuoni aliowaona kuwa wamedumaa, na nafasi ya Ali anampa mpiga mieleka wa sarakasi. Mbinu zinazohesabiwa kuwa za usasaleo zimo humo tayari. Hata hivyo, si rahisi kumwita Tukay mwanausasaleo, kwani dhihaka yake ina shabaha, na nyuma yake ipo imani kwamba jamii yaweza kurekebishwa. Isitoshe, hadhira yake ilikijua Kisekbash, na bila ujuzi huo kicheko kisingepatikana.

Ujuzi huo ndio uliovunjwa. Kitatari kiliandikwa kwa hati za Kiarabu hadi miaka ya 1920, kikahamishiwa hati za Kilatini, kisha mwaka 1939 za Kisiriliki. Kiswahili nacho kiliziacha hati za Kiarabu, lakini hakikuhamishwa mara mbili katika muda mfupi kiasi hicho. Tatarstan ilipitisha sheria ya kurejesha Kilatini mwaka 1999. Sheria ya shirikisho ya 2002 ikaizuia, na Mahakama ya Katiba ya Urusi ikaithibitisha hiyo ya pili mwaka 2004. Tangu 2018 Kitatari hufundishwa shuleni kwa hiari tu.

Usasaleo wa Ulaya Magharibi ulifanyia mzaha maktaba iliyojaa mno. Mshairi wa Kitatari hunukuu kutoka maktaba ambayo wengi wa wasomaji wake hawawezi kuifungua. Akimtaja Shurale, zimwi la msituni la shairi la Tukay la 1907, ambalo vidole vyake vilibanwa katika ufa wa gogo na mtu aliyejiita "Mwaka Jana", aweza kutumaini kueleweka. Akikitaja Kisekbash, tumaini hilo hupungua sana. Hapo hulazimika kukisimulia kisa kwanza ndipo akicheke, na shairi hubeba tanbihi yake tumboni. Mhakiki atakayeiita hali hiyo udhaifu wa kisanaa atakuwa amempima mshairi kwa wasomaji asio nao.