Mvua Ikikatika, Toka Uwaandike Vyura wa Kwenu

Mvua za Machi hadi Mei zikianza, silanga za Njoro na Gilgil huimba usiku kucha. Waimbaji ni vyura madume, na kila aina ina mlio wake. Kwa simu, daftari na tochi ya kichwani, unaweza kuonyesha ni aina gani zinaishi kwenu na zinakaa wapi hasa. Fanya hivi.

Tafuta maji baridi. Usipoteze usiku kwenye magadi ya Ziwa Nakuru au Elmenteita. Nenda kwenye silanga, mtaro wa shamba, kingo za Mto Njoro au mafunjo ya Naivasha. Naivasha usiende peke yako. Ongozana na mwenyeji, kwa maana viboko hutoka majini usiku kula nyasi.

Omba ruhusa mapema. Shambani, muulize mwenye shamba. Ndani ya hifadhi, ongea na Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS). Chukua picha na sauti tu. Chura mwache pale pale.

Fika kati ya saa moja na saa nne usiku. Zima tochi, nyamaza dakika tano, kisha rekodi sauti kwa dakika moja. Ukisikia mlio kama tone zito linaloanguka mtungini, huenda ni Kassina senegalensis. Mulika: huyu hutembea badala ya kuruka.

Sasa pekua majani.  Mulika matete, bua kwa bua.

Piga picha nne: mgongo, ubavu, tumbo na vidole vya nyuma. Usitegemee rangi peke yake. Vyura wa matete wa aina moja wanaweza kuwa na madoa, michirizi au rangi moja tupu. Ukiona kucha nyeusi kwenye miguu ya nyuma, huyo ni wa jenasi ya Xenopus. Ukilazimika kumshika chura, lowesha mikono kwanza, na usiwe umejipaka dawa ya mbu.

Andika tarehe, saa, GPS, mwinuko na hali ya hewa. Mwinuko usiusahau: ukipanda kutoka Naivasha hadi Kinangop, vyura hubadilika. Yuko mmoja mdogo, Phrynobatrachus kinangopensis, aliyepewa jina la Kinangop mwaka 1924.

Hukusikia kitu? Andika sifuri, kisha rudi pale pale mwezi ujao. Sifuri zikifuatana kwenye silanga iliyokuwa ikiimba, umegundua jambo zito.

Safisha gambuti kabla ya kwenda silanga nyingine. Toa tope lote, suuza kwa maji ya Jik, anika zikauke kabisa. Kuvu wa kitridi, anayeshambulia ngozi za vyura, yupo Kenya na husafiri kwenye tope na maji.

Asubuhi, weka picha na sauti kwenye mtandao wa iNaturalist. Ukipata chura usiyemwelewa, wasiliana na Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Chura wa Mlima Kenya, Kenyaphrynoides vulcani, alitambulishwa kwa sayansi mwaka 2023 tu, kutokana na kielelezo kimoja. Bonde letu la Ufa nalo linahitaji macho.

Leo chagua silanga moja iliyo karibu na nyumbani. Mvua ikikatika jioni, vaa gambuti.