Lau Ndugu Wangalipatana: Somo la Historia kwa Watu wa Karagwe na Kyerwa

Neno "lau" ni dogo, lakini lina kazi kubwa. Mtu aliyepatwa na hasara huketi jioni akisema, "Lau ningalijua." Mara nyingi hayo ni majuto matupu. Lakini mwanafunzi wa historia akilitumia neno hilo kwa adabu, laweza kumfundisha sababu za mambo. Kanuni yake ni hii: badili jambo moja tu, mengine yote yaache kama yalivyokuwa, kisha utazame ni lipi lingaligeuka na ni lipi lisingaligeuka. Leo tutaitumia kanuni hiyo kuuliza ufalme huokokaje usitekwe. Tutatazama falme tatu, mbili za Uingereza ya kale na moja ya kwetu.

Falme mbili za Uingereza

Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, Uingereza haikuwa nchi moja. Watu walioitwa Waanglo-Saksoni walikuwa na falme kadhaa, kila moja na mfalme wake, kama nchi za Kagera zilivyokuwa na Bakama wao. Ndipo Wadenishi walipokuja kwa merikebu kutoka ng'ambo ya bahari, kwanza kunyang'anya mali, baadaye kuitwaa nchi yenyewe.

Upande wa kaskazini palikuwa na ufalme wa Northumbria. Wakati ule ulikuwa na wafalme wawili wakipigania kiti kimoja, Osberht na Aella. Wakati wa ugomvi huo Wadenishi waliingia mji wa York mwaka wa 866. Wafalme wale walipoona hatari walipatana, wakaunganisha majeshi yao, wakaushambulia mji mwaka wa 867. Lakini walikuwa wamechelewa. Wote wawili waliuawa, na Wadenishi wakaishika nchi.

Upande wa kusini palikuwa na ufalme wa Wessex. Mfalme wake Aethelred alikuwa na mdogo wake jina lake Alfred. Mwaka wa 871 Wadenishi waliwajia, na ndugu hao wawili wakapigana bega kwa bega. Tena walifanya jambo lingine ambalo halikuhitaji upanga. Walisimama mbele ya baraza la wakubwa wa nchi, wakaagana kwamba atakayebaki hai ndiye atakayeushika urithi wao, na watoto wa marehemu watapewa sehemu yao. Habari hiyo twaijua kwa sababu Alfred mwenyewe aliiandika katika wasia wake.

Aethelred alikufa mwaka ule ule, akaacha watoto wadogo. Alfred akatawala, na nchi haikugawanyika. Hata hivyo taabu haikwisha. Mwanzo wa mwaka wa 878 Wadenishi walimvamia ghafula, naye akakimbilia katika vinamasi vya Athelney pamoja na watu wachache. Kumbe watu wake walikuwa hawajamwacha. Miezi michache baadaye walikusanyika kwake, wakawashinda Wadenishi huko Edington. Falme nyingine kubwa za Waanglo-Saksoni zilikuwa zimeanguka au kugawanywa. Wessex ikabaki, na kutoka katika nyumba hiyo ukatokea ufalme wa Uingereza nzima.

Ufalme wa Karagwe

Sasa turudi nyumbani. Ufalme wa Karagwe, ambao ndani yake ilikuwamo nchi iliyofanywa wilaya ya Kyerwa mwaka wa 2012, ulikuwa na majirani pande zote: Rwanda ng'ambo ya mto Kagera, Nkore kaskazini, Usui kusini, na mbali kidogo Buganda yenye majeshi makubwa.

Mukama Ndagara alipokufa, yapata mwaka wa 1855, wanawe watatu walistahili kiti. Bwana Speke, aliyefika Bweranyange mwezi wa Novemba 1861, aliandika habari aliyosimuliwa na Mukama Rumanyika mwenyewe. Wakubwa wa nchi waliweka mbele ya ndugu hao ngoma ndogo iliyotiwa dawa. Wawili walishindwa kuiinua. Rumanyika akaiinua kwa kidole. Basi akawa Mukama. Lakini nduguye mmoja, ambaye Speke alimwita Rogero, hakukubali, vita vikatokea. Rumanyika alishinda kwa msaada wa Musa Mzuri, tajiri wa biashara aliyekaa Kaze karibu na Tabora, na watu wake wenye bunduki.

Baada ya hayo Rumanyika aliilinda nchi kwa akili. Njia ya kutoka Kaze kwenda Buganda ilipita kwake. Aliwakaribisha wageni kwa heshima, akapeleka habari zao kwa Kabaka Mutesa, na wageni wakangoja ruhusa. Hivyo jirani mwenye nguvu aliona faida ya kuwa na rafiki Karagwe. Bwana Stanley alipopita mwaka wa 1876, alimkuta Rumanyika angali anatawala kwa amani, na wafanya biashara wa pwani wakikaa Kafuro.

Lakini alipokufa, nyumba yake iligawanyika tena kwa kugombea kiti. Kisha ikaja sotoka, kiasi cha mwaka wa 1890 na 1891, ikaangamiza ng'ombe ambao walikuwa utajiri na fahari ya nchi. Mwaka huo wa 1890 Wadachi walijenga kituo chao Bukoba.

Kuipima "lau" yetu

Haya, tubadili jambo moja. Lau wana wa Ndagara wangalipatana mbele ya wakubwa, kama Aethelred na Alfred walivyopatana, je, Karagwe isingalitawaliwa na Wazungu? Tuseme kweli: ingalitawaliwa. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wadachi waliandikiana mkataba huko Berlin, wakapiga mstari magharibi ya Ziwa Victoria, Karagwe ikawekwa upande wa Wadachi. Mstari ule haukuuliza kama ndugu wa Bweranyange wamepatana.

Lakini lipo jambo ambalo lingaligeuka. Rumanyika asingalihitaji bunduki za mgeni ili kuketi katika kiti cha baba yake. Na baada yake, mgeni mwenye nguvu angalikuta watu wenye sauti moja, wawezao kujadiliana naye kwa ajili ya nchi yao. Wahenga walisema, "Kikulacho ki nguoni mwako."

Faida ya somo

Madaraka ya machifu yaliondolewa katika sheria za Tanganyika mwaka wa 1963, na ngoma haichagui tena mtawala. Lakini kila mzee mwenye kibanja ana ufalme wake mdogo. Mimi karani nimeandika mashauri ya ndugu waliogombea migomba ya baba yao. Walikuja barazani mara nyingi; kila mmoja aliuza kipande ili apate fedha ya kumshinda mwenzake. Shauri lilipokwisha, sehemu kubwa ya kibanja ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, ambaye hakurusha hata jiwe moja. Walipopatana walikuwa wamechelewa, kama wafalme wa Northumbria.

Basi, wazee wangu, semeni urithi wenu mkiwa hai, mbele ya mashahidi, na uandikwe. Wapeni yatima na wajane sehemu yao kwa jina. Nanyi ndugu, mwulizane leo, baba angali anaweza kujibu.

Maswali kwa wanafunzi

1. Kwa nini Northumbria ilianguka na Wessex ikaokoka?
2. Rumanyika aliilindaje Karagwe pasipo vita na Buganda?
3. Ni jambo gani lisingaligeuka hata kama ndugu wangalipatana? Toa sababu.